Picha Yetu Iko Wapi?

Sisi watu wa Mkumbara tunaishi chini ya mlima ambao zamani ulikuwa na njia ya angani. Wajerumani walipozitaka mbao za misitu ya Shume, waliona taabu kuzishusha kwa barabara katika magenge ya Usambara. Wakajenga njia ya kamba za chuma kutoka huko juu mpaka kwenye stesheni ya reli hapa kwetu, na magogo yakawa yanateremka huku yakining'inia hewani kama popo. Mimi sikuiona njia hiyo. Habari zake nilizipata kwa wazee, na kwa miaka mingi nilipokuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, niliichora ubaoni kwa chaki kila nilipofundisha historia ya zama hizo. Nilichora mlima, nguzo, kamba na gogo. Watoto waliichora katika madaftari yao, na jioni kiranja wa darasa aliufuta ubao.

Likizo moja mjukuu wangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, anakosoma. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinipa simu yake akasema, "Babu, unaijua hii?" Ilikuwa picha ya kale ya njia ile ile, iliyopigwa wakati wa Wajerumani wenyewe. Nilinyamaza kwa muda. Nusu ya maisha yangu nilikuwa nikichora kitu nilichosimuliwa tu, na sasa kilikuwa kiganjani mwangu, na nguzo zake hazikufanana na zangu hata kidogo.

Binti yule hakuishia hapo. Alinionyesha picha ya pili, ambayo ni ile ile ya kwanza aliyoifanyia kazi. Alikuwa ameitia rangi, akamweka marehemu bibi yake chini ya kamba, na mzigo wa kuni kichwani. Chini yake akaandika maneno kwa herufi kubwa, kama jina la kanga: GOGO LASHUKA KWA KAMBA, MIMI NASHUKA KWA MGUU. Aliwatumia ndugu zake, na baada ya siku mbili picha ikaanza kurudi ikiwa na sura nyingine. Binamu yake wa Arusha aliliondoa gogo akaning'iniza basi lililojaa abiria. Mwingine, aliyeko Muscat, alijiweka yeye mwenyewe juu ya kamba akiwa na sanduku la safari, uso umeelekea nyumbani.

Nilicheka, kisha nikasema, "Mjukuu wangu, huu ni mchezo mzuri, lakini si sanaa."

Akaniuliza kwa adabu, "Kwa nini, babu?"

Nilidhani jibu ninalo. Nilipofungua kinywa nikaona sina. Insha hii ni jibu ambalo lilinichukua miezi kadhaa kulitafuta.

Tuanze na yale niliyofundishwa chuoni, nilipokuwa kijana najiandaa kuwa mwalimu. Tulielezwa kwamba kazi ya sanaa ya kuonwa kwa macho, iwe mchoro au sanamu, ina sifa tatu. Kwanza, ni kitu kimoja halisi, na vingine vyote vinavyofanana nacho ni nakala tu. Pili, ina mwenyewe mmoja aliyeitengeneza, na mtazamaji kazi yake ni kusimama mbele yake, mikono nyuma, akastaajabu. Tatu, inadumu. Mtu hufa na kazi yake ikabaki ukutani. Niliyapokea mafundisho haya kama nilivyopokea jedwali la kuzidisha, na niliyafundisha hivyo hivyo.

Kosa langu ni kwamba sikuwahi kuyapima kwa vitu vilivyokuwamo nyumbani mwangu.

Chukua kanga, msomaji. Kanga ina pindo, mji na jina. Imechorwa kwa ustadi, rangi zake zimepangwa na mtu anayejua, na maneno yake yamechaguliwa kwa makini. Lakini kanga halisi ni ipi? Doti zilizochapishwa ni maelfu, zote sawa, na hakuna iliyo ya asili zaidi ya mwenzake. Mama anayeivaa si mtazamaji wa mikono nyuma. Yeye ndiye anayeamua maneno yale yamwendee nani, siku gani, na kwa kupita mlango wa nani. Kanga ile ile ni shukrani kwa mama mzazi na ni mkuki kwa jirani. Na zile kanga mashuhuri za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimechapishwa alama ya "Mali ya Abdulla". Alama hiyo imo katika kila moja ya maelfu hayo, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyewahi kudhani kwamba kanga aliyojifunga kiunoni ni ya Abdulla. Maneno haya nitayarudia.

Chukua pia michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akapata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya huku kwetu Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Huko alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi, kwa makosa. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Kama sanaa ingekuwa mali ya mkono mmoja, ingezikwa naye. Haikuzikwa, kwa sababu ndugu na wanafunzi wake waliendelea kunakili, kila mmoja akiongeza chake, mpaka jina la mtu likawa jina la aina ya uchoraji.

Na ubao wangu je? Mchoro uliofutwa kila jioni ulidumu wapi? Ulidumu katika madaftari arobaini na tano, ukiwa umepinda kwa namna arobaini na tano.

Kwa hiyo, kabla intaneti haijafika Mkumbara, zile sifa tatu zilikuwa zimekwisha kutikiswa na watu wetu wenyewe. Ninalisema hili kwa sababu wengi wa rika langu wanadhani kwamba mtandao umekuja kuivunja nyumba ya sanaa. Nionavyo mimi, nyumba uliyoibomoa hatukuwa tukiishi humo. Tulikuwa tukiisikia tu kwa wakufunzi.

Hata hivyo si haki kusema kwamba mtandao haukuleta jipya. Lazima tutofautishe mambo mawili. Mchoro wa ukutani ukipigwa picha na picha hiyo ikawekwa kwenye mtandao, hubaki kuwa picha ya mchoro. Sanaa ya intaneti ni ile ambayo mtandao wenyewe ndio ubao na chaki yake. Ukiuondoa mtandao, kazi haipo.

Mfano niliooneshwa ni wa mwaka 1996. Msanii wa Kirusi, Olia Lialina, alitengeneza kazi ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mpenzi Wangu Amerudi kutoka Vitani". Mjukuu wangu aliifungua katika kompyuta akaniachia. Ukurasa ni mweusi, picha zake ni ndogo na hazina rangi. Mwanamume na mwanamke wamekaa, lakini hawatazamani. Ukigusa picha au neno, ukurasa unagawanyika. Vyumba vinazidi kuwa vidogo, maneno machache yanachomoza huku na kule kama mazungumzo yaliyokatikakatika, na mwishowe vyumba vinabaki vyeusi, vitupu.

Nilikumbuka vijana wetu waliporudi kutoka vita vya Kagera mwaka 1979. Binamu yangu mmoja alirudi na viungo vyake vyote, tukampokea kwa ngoma. Usiku mkewe alimpakulia chakula, wakaketi barazani, na baina yao pakawa na nafasi ambayo mtu wa tatu angeweza kuketi. Kwa miaka mingi nimejaribu kumweleza mtu nafasi ile, nikashindwa. Kazi ya Lialina ilifanya zaidi ya kunieleza. Ilinifanya niifungue nafasi ile kwa kidole changu mwenyewe. Kila nilipogusa nikitumaini kwamba sasa watasogeleana, niliwatenganisha zaidi. Mchoro wa ukutani ungenihuzunisha. Huu ulinihuzunisha na kunitia hatiani. Hapo nilikubali kwamba mtazamaji akiruhusiwa kutumia mikono yake, sanaa inaweza kumfikia mahali ambapo macho peke yake hayafiki.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa Kenya. Mwezi Machi 2010 kikundi cha wasanii wa Nairobi, Just a Band, kilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Ndani yake mna shujaa mmoja, Makmende, mwenye nywele za miaka ya sabini na ngumi zisizoshindwa. Jina hilo lilikuwa la mitaani. Watoto wa Nairobi walikuwa wakimwita hivyo mwenzao anayejifanya jabari, na inasemekana lilitokana na maneno ya mwigizaji wa sinema ya Kimarekani yaliyosikiwa vibaya. Video yenyewe ni nzuri, imepigwa kwa mzaha na kwa mapenzi. Lakini kazi kubwa ilifanywa na watu baada ya hapo. Kwa siku chache tu Wakenya walimtengenezea Makmende majalada ya majarida yasiyokuwapo, mabango na misemo ya kumtukuza, kila mtu akimpandisha cheo shujaa wa uongo kwa uongo mkubwa zaidi.

Nikiulizwa kama mhakiki kazi hii ni ya nani, sitataja jina moja. Wasanii walitoa mbegu, na umma ukalima. Je, ni sanaa nzuri? Nitasema bila kuficha: vipande vingi vilikuwa vichekesho vya kurudiarudia, kama mzaha wa harusini unaosemwa na kila mjomba. Vichache vilikuwa na ustadi. Lakini ukivitazama vyote kwa pamoja, kama unavyotazama ngoma badala ya mchezaji mmoja, unaona taifa likijitengenezea shujaa kutokana na neno la watoto wa mtaani, bila kungoja ruhusa ya jumba lolote la sanaa. Uzuri wake uko katika ule wingi. Anayekitafuta kipande kimoja bora akitundike ukutani atarudi mikono mitupu, na lawama ni zake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mali, maana panapokuwa na sanaa pana fedha, na panapokuwa na fedha pana ugomvi. Mwezi Machi 2021 nyumba ya mnada ya Christie's iliuza kazi ya Mmarekani anayejiita Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69. Ilikuwa mkusanyiko wa picha 5,000 alizotengeneza moja kila siku tangu mwaka 2007. Mnunuzi hakupewa kitu cha kubeba. Alipewa hati ya kidijitali inayosema kwamba kazi ile ni yake, ilhali mimi na wewe tunaweza kuitazama bure. Hii ndiyo "Mali ya Abdulla" ya zama hizi, ila Abdulla alitudai bei ya kanga tu. Kwa maoni yangu mnada ule haukuupinga mtazamo wa kale. Uliurudisha kwa mlango wa nyuma. Watu waliona aibu kwamba picha isiyo na nakala halisi haiuziki, wakaitengenezea uhalisi wa karatasi.

Lakini chombo hicho hicho, katika mikono mingine, kilifanya kazi tofauti. Huko Lusanga nchini Kongo, mahali ambapo zamani paliitwa Leverville kwa jina la tajiri wa mafuta ya mawese, wafanyakazi wa mashamba wameunda chama cha wasanii kiitwacho kwa kifupi CATPC. Mwaka 1931 Wapende wa eneo hilo waliasi dhidi ya ukatili wa wakoloni wa Kibelgiji. Ofisa mmoja, Maximilien Balot, aliuawa, na Wabelgiji wakalipiza kisasi kwa kuua mamia ya watu. Wapende walichonga sanamu ya ofisa yule ili kuishika roho yake isiwadhuru tena. Sanamu hiyo hatimaye ilifika katika jumba la makumbusho la Virginia, Marekani. Wasanii wa Lusanga waliomba kuazimwa, hawakufanikiwa. Mwaka 2022 wakachukua picha ya sanamu hiyo kutoka mtandaoni, wakaitengenezea hati zao za kidijitali na kuziuza, ili wapate fedha za kuinunua tena ardhi ambayo mashamba makubwa yaliwapokonya wazee wao. Jumba lile halikufurahi. Hata hivyo, mwaka 2024 sanamu yenyewe ilipelekwa Lusanga kwa mkopo wa miezi kadhaa.

Mimi nimekulia kando ya mashamba ya mkonge, na najua maana ya kuishi juu ya ardhi ambayo mistari yake imepimwa na mtu mwingine. Kwa hiyo habari hii sikuisoma kama habari ya teknolojia. Walimtia Balot katika mti ili wamdhibiti, na wajukuu wao wakamtia katika mtandao kwa sababu iyo hiyo. Nani atasema kwamba nakala ile haikuwa sanaa, wakati ndiyo iliyofanya kazi ambayo sanamu ilichongwa ifanye, na sanamu yenyewe ikiwa imefungiwa kabatini ng'ambo ya bahari?

Msomaji asidhani kwamba nimegeuka kuwa mpiga debe wa mtandao. Ninayo mashaka mawili, na sijayaacha.

La kwanza ni la ufutaji. Ubao wangu ulifutwa na kiranja niliyemjua kwa jina, na kesho yake nilichora upya. Kazi ya mtandaoni inafutwa na mkono usioonekana. Mwisho wa mwaka 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia programu yake ya Flash, na kazi nyingi za sanaa zilizotengenezwa kwa programu hiyo zikaacha kufunguka isipokuwa pale wahifadhi walipozinusuru. Hakuna aliyezichukia, ila mlango wao ulizibwa. Msanii anayejenga katika kiwanja cha kampuni ajue kwamba siku moja anaweza kuamka akakuta nyumba haipo.

La pili ni la uwajibikaji. Nyuma ya mchoro wa Tingatinga kuna mtu ambaye unaweza kumuuliza. Siku hizi picha nyingi zinatufikia hazina baba wala mama, nyingine zimetengenezwa na mashine zilizolishwa kazi za wachoraji bila wao kuulizwa, na baadhi ni za uongo mtupu. Kunakili kwa wanafunzi wa Tingatinga kulikuwa kunakili kwa mtu kwa mwalimu wake, na jina la mwalimu lilibaki mlangoni. Mashine hainakili hivyo. Inachukua bila kusalimu.

Basi jibu langu ni lipi? Sanaa haitambulikani kwa kuwa moja, wala kwa kuwa na mwenyewe mmoja, wala kwa kudumu. Mimi sasa nauliza maswali mawili tu: picha hii imenifanya nione nini ambacho sikukiona, na ni nani anasimama nyuma yake akasema, "Hii ni yetu, tunaijibia"? Picha ya mjukuu wangu inajibu yote mawili. Nilifundisha habari za njia ile ya kamba miaka nenda rudi nikisifu ufundi wake, na sikuwahi hata siku moja kuwaambia watoto kwamba gogo lilijengewa njia na mama zetu hawakujengewa.

Lipo jambo moja ambalo lazima nilikiri kabla ya kuweka kalamu chini. Mwaka 1986, nikiwa mwalimu mkuu, kijana mmoja kutoka chuo cha ualimu aliletwa shuleni kwangu kwa mazoezi ya kufundisha. Manila hazikuwapo. Alitengeneza zana yake ya somo la usafiri kwa kushona magunia mawili, akayabandika vipande vya kalenda, magazeti, maboksi ya sigara na ncha ya kanga kuukuu yenye maneno. Kila siku aliwaruhusu watoto walete kipande chao na kukibandika wanapotaka. Picha ikawa inakua. Mimi niliingia darasani, nikaiona, nikaamuru itolewe. Katika ripoti yake niliandika kwa wino mwekundu kwamba ananakili kazi za watu na hana kipaji cha kuchora. Alisema, "Ndiyo, mwalimu," akaikunja.

Kwa wiki nzima watoto wa darasa lile walinisimamisha uwanjani wakiuliza, "Mwalimu, picha yetu iko wapi?" Mimi nilisikia utundu. Neno "yetu" halikuniingia masikioni.

Nilimwambia mjukuu wangu kwamba nguzo zake ni bora kuliko zangu, ila marehemu bibi yake hakupenda kanga ya rangi ile. Alivaa nyekundu na nyeusi. Akasema, "Basi irekebishe, babu." Chombo chake sikijui, kwa hiyo nilichora kanga kwa penseli kwenye karatasi ya daftari. Akaipiga picha, akaitia rangi, akamvisha bibi yake. Ikawaendea ndugu wote ikiwa na mkono wangu ndani yake.

Yule mwalimu kijana sasa naye atakuwa amestaafu. Kitabu hiki kikimfikia, ajue kwamba alama niliyompa ilikuwa ya makosa, na kwamba aliyekosea ni msahihishaji.